Nilinunua nyumba Karatu bila kuonana na mama mwenye nyumba

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko kazini na mlioko majumbani.

Mimi humu huwa nasoma tu, siandiki. Lakini juzi kuna mwenzetu aliuliza aangalie nini kabla ya kununua nyumba mkoani, na majibu yote yakawa hati, mipaka, maji, umeme. Majibu mazuri kabisa.

Ila kuna jambo moja hakuna aliyeligusa. Mimi lilinifika, na nitaeleza kama lilivyokuwa, hata pale ninapojiaibisha. Sitaongeza chumvi. Majina nimebadilisha, maana watoto wa watu hawa ni watu wazima sasa na huenda wamo humu.

Twende taratibu.

Mimi ni mzaliwa wa Marangu. Karatu nilifika mwishoni mwa miaka ya tisini, kazi ya udereva wa watalii. Wakati huo lami hakuna. Kutoka Makuyuni mpaka getini Ngorongoro ni vumbi jekundu kiangazi, na masika ni utelezi wa kusukumana.

Nilikuwa nimepanga chumba na mke wangu, Mama Neema, na watoto wetu wawili. Choo kimoja, familia tano.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 habari za lami zikaanza kuwa za kweli. Wapimaji wakaonekana barabarani na vyombo vyao. Lodge mpya zikawa zinachipuka. Kila dereva ukikutana naye anaongelea kiwanja. Nikaingiwa na hofu kwamba nisiponunua mwaka ule sitanunua tena maishani.

Hofu ile ndiyo iliyoninunulia nyumba, si akili.

Fundi mmoja wa gereji akanipeleka kwa jamaa nitakayemwita Bura. Mwiraqw, mkulima, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mpole, anaongea kwa sauti ya chini. Nyumba yake ilikuwa nje kidogo ya mji, upande wa kuelekea Rhotia. Matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati zima, na nyuma kuna shamba dogo la mahindi na maharage. Ukisimama uani asubuhi unaona ukungu umelalia msitu wa Ngorongoro kule juu.

Niliipenda pale pale. Na yeye aliona kwamba nimeipenda.

Nikamuuliza kwa nini anauza. Akasema anahamia Mererani kutafuta maisha kwenye madini.

"Na mama watoto?"

"Yuko kwao Endamarariek, anamuuguza mama yake. Tumeshaongea. Hana neno."

Tukazunguka nyuma ya nyumba. Kwenye kona ya shamba, chini ya mti wa mgrevilia, kulikuwa na mawe yamepangwa vizuri, yanalingana ukubwa. Nikamuuliza ya nini. Aliyatazama kwa muda, halafu akasema, "Mawe tu."

Nilirudi nyumbani nimejaa furaha. Mama Neema alikuwa anakunja nguo za watoto. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo mama umemwona?"

Nikamwambia mume wake kasema wamekubaliana.

"Sijauliza mume wake kasema nini. Nimeuliza umemwona?"

Wakuu, nilimjibu vibaya. Nilimwambia nyumba ni ya mwanaume, aache kunitafutia mikosi. Akaendelea kukunja nguo.

Endamarariek si mbali. Kwa gari ningeenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Lakini ilikuwa high season, kesho yake nilikuwa na clients wa siku sita Serengeti, na Bura alikuwa anasema kuna mteja mwingine kutoka Arusha. Wale mnaofanya udalali mnaujua huo wimbo wa mteja mwingine.

Tukaandikiana karatasi juu ya boneti ya gari. Mashahidi watatu, wote marafiki wa Bura. Kiongozi mmoja wa mtaa akagonga muhuri bila kuuliza hata swali moja. Nami sikushangaa kwa nini hakuuliza. Niliona ni bahati.

Mwezi wa nane tukahamia.

Mwezi wa tisa nikaamua kujenga jiko la nje, maana Mama Neema moshi ulikuwa unamsumbua kifua. Mawe ya msingi nikayaona yapo palepale kwenye kona. Mimi na fundi tukayabeba yote. Siku mbili msingi ukaisha, na ndani ya wiki jiko lilikuwa limeezekwa. Pale yalipokuwa mawe ardhi ilikuwa nyeusi, laini. Mama Neema akapanda mchicha.

Mchicha ulistawi sana.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi nilikuwa off. Mama Neema amekaa uani anachambua maharage. Akaja mama mmoja kutoka barabara kuu kwa miguu, amejifunga kitenge, ana begi mkononi. Akasimama penye uzio.

"Hodi wenyewe."

Tukamkaribisha. Nikamwamkia, maana alinizidi umri. Akaitikia, lakini macho yalikuwa dirishani, kwenye mapazia yetu.

"Ninyi ni wageni wa Bura?"

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Hapana mama, sisi ndio wenyeji. Bura alituuzia mwezi wa nane."

Hakupiga kelele. Aliweka begi chini polepole, kama lina mayai.

"Yeye yuko wapi?"

"Alisema anakwenda Mererani."

Akatikisa kichwa. Kisha akapita pembeni ya nyumba kwenda nyuma, bila kuuliza njia. Mama Neema akaacha maharage, akamfuata. Nami nikawafuata.

Nilimkuta amesimama mbele ya mchicha.

"Mawe yaliyokuwa hapa yako wapi?"

Nikaonyesha jiko kwa kidole. Uji wa watoto ulikuwa motoni, moshi unatoka.

"Tumejengea msingi, mama."

Alitazama lile jiko. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Hapa yupo Elizabeti. Alikuwa na miaka minne."

Mama Neema akashika kichwa kwa mikono miwili, akakaa chini kwenye udongo.

Wakuu, naomba niseme hili kisha nisirudie. Mimi ni Mchaga. Sisi wazee wetu tumewazika kihambani, migombani. Kaburi la babu yangu naweza kulifikia nimefumba macho. Kama kuna mtu alipaswa kuyaangalia mawe yaliyopangwa vile na kujiuliza mara mbili, ni mimi. Sikujiuliza. Nilikuwa nimeshaanza kuiona nyumba yangu, na mtu akishaona chake hatazami tena.

Yule mama, nimwite Mama Paskali, alikuwa ametoka kumzika mama yake wiki ile ile. Alikuwa anarudi kwake kupumzika.

Majirani wakaja. Mzee wa nyumba ya pili, ambaye nilikuwa nikimpungia mkono kila asubuhi nikiwa kwenye gari, akaniambia, "Kijana, tulikuona unabeba yale mawe. Tukadhani mmekubaliana na mama." Miezi miwili nilikaa hatua ishirini kutoka kwake, na sikuwahi kuingia kwake nikamuuliza habari za mahali nilipohamia.

Kesi ikaenda baraza la ardhi la kijiji. Bura alitafutwa Mererani, aliyetumwa akarudi bila jibu. Kaka zake Mama Paskali wakaja kutoka Endamarariek, watu watatu, na walikuwa na hasira ya haki.

Kazini kuna mwenzangu alinipa ushauri. Akasema, "Una karatasi, una muhuri. Yeye ana nini? Nenda mahakamani, utamchosha tu." Nisiwadanganye, niliufikiria ushauri ule siku tatu nzima. Ilikuwa jasho langu la miaka minne barabarani, na mwenye kurudisha fedha hayupo.

Mama Neema akanimalizia. Aliniambia, "Ukienda mahakamani kumshinda yule mama, mimi na watoto tunarudi Marangu. Wewe utabaki na nyumba."

Siku ya baraza Mama Paskali aliulizwa anataka nini. Akasimama.

"Mimi sikuulizwa. Ningeulizwa, huenda ningekubali kuuza, maisha ni magumu. Lakini ningesema, hapa yupo mtoto wangu, msipaguse. Ni hilo tu. Sikupewa nafasi ya kulisema."

Mwenyekiti akanigeukia. Nikasema nyumba ni ya mama, naomba muda wa kuondoka.

Kaka zake wakataka nitoke siku hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyekataa. Alisema, "Ana watoto shuleni. Wakae mpaka shule zifungwe."

Mwanamke ambaye mawe ya kaburi la mtoto wake niliyajengea jiko ndiye aliyewaonea huruma watoto wangu.

Kesho yake nililibomoa jiko. Fundi niliyejenga naye alikataa kuja, na simlaumu. Nikafanya peke yangu, kwa nyundo na tindo, natoa saruji jiwe kwa jiwe. Mama Neema aling'oa mchicha wote, hatukuuonja tena. Mama Paskali alileta kigoda, akakaa pale kwenye kona, ananielekeza. Hili hapa. Lile lilikuwa kichwani. Hapana, ligeuze.

Mawe mengine saruji iligoma kutoka. Nilikuwa nayagonga mpaka mikono inatoka damu. Akaniambia, "Acha, baba. Inatosha."

Haikutosha, wakuu. Lakini niliacha kwa sababu yeye ndiye aliyesema.

Tulikaa nyumba moja mpaka mwezi wa kumi na mbili, yeye vyumba viwili, sisi viwili. Wale wanawake wawili walipika pamoja. Mimi nilikuwa nikirudi safari napitia mlango wa nyuma, nainamisha uso. Siku ya kuondoka alimfungia Mama Neema mbegu za maharage kwenye kitambaa. Mimi alinipa mkono.

Bura sikumwona tena. Nilisikia mengi juu yake, sina hakika na hata moja, kwa hiyo sitaandika.

Tulirudi kupanga miaka sita. Safari hii tuliponunua, Rhotia, sikuanza na nyumba. Nilianza na watu. Mama Neema alikwenda kwanza, akakaa na mke wa muuzaji kabla sijataja bei. Nilitembea mipaka yote na majirani wa pande zote, kila mmoja kwa wakati wake, si kwa pamoja, maana watu wakiwa pamoja huogopana. Niliulizia kila rundo la mawe, kila mti uliopandwa peke yake, kila mahali ambapo jembe halipiti. Niliwatafuta watoto wao wakubwa. Na makubaliano yalifanyika ofisi ya kijiji, halmashauri ikiwa imekaa, si mtu mmoja na muhuri wake mfukoni.

Siku hiyo mwenyekiti alimuuliza mke wa muuzaji, "Mama, wewe unakubali?"

Kabla hajajibu, mume akaanza kumjibia. Nikaomba radhi, nikasema mama aende nyumbani akafikiri, tukutane wiki ijayo. Mume alikasirika, akanitajia mteja mwingine. Nikamwambia kama yupo amuuzie tu.

Wiki iliyofuata mama akaja amevaa nguo za kanisani. Akasema amekubali, ila anaomba avune maharage yake kwanza. Tukaandika hivyo hivyo kwenye karatasi. Aliposhika kalamu akaiweka chini, kisha akaishika tena. Nikamuuliza kama anaumwa.

Akasema, "Siumwi, baba. Nimeolewa miaka ishirini na saba. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza."

Mume wake akawa anatazama sakafu.

Ndugu zangu, hati ni muhimu, wanasheria humu watawaeleza vizuri kuliko mimi, na nilipokosea kisheria mnisahihishe. Nilichojifunza ni kidogo tu. Nyumba inauzwa na wote walioishi ndani yake, pamoja na wale ambao hawawezi tena kusema. Mnunuzi, ni kazi yako kuwatafuta, mmoja mmoja, na usikubali mtu amsemee mwenzake.

Na wewe unayeuza, sema yote. Mnunuzi wa kweli hakimbii kwa kuambiwa kuna kaburi. Atakuuliza tu liko wapi, apaache.

Karibuni mchangie, hasa mliowahi kuuza. Wenye matusi pia njooni, nimeyazoea, nilianza kujitukana mwenyewe kabla yenu.

Na kama kuna baba anausoma uzi huu, na wiki hii anategemea kuandikiana na mteja, na mama watoto hajui lolote, sina la kukuhukumu. Funga simu, nenda kamwambie.