Sungura Aliyepata Kazi ya Utingo

Mume wangu alituhumiwa kumuua sungura. Na siku sungura anakufa, jamani, yeye alikuwa njiani na lori lake, hata habari hana.

Aliyemtuhumu ana miaka sita na meno ya mbele hana.

Ngoja nieleze, na msinicheke.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapa hapa sebuleni. Mume wangu ni dereva wa lori la mizigo. Anaondoka Jumatatu alfajiri, anarudi Jumamosi yuko hoi. Binti yetu tunamwita Kamanda, kwa sababu nyumba hii amri anatoa yeye. Na Kamanda alikuwa na sungura mweupe pe, jina lake Pamba.

Jumatatu moja, baba keshaondoka, Kamanda yuko shule, nikainama kuokota mkasi chini ya meza. Pamba huyo, kalala juu ya vipande vya nguo, kakakamaa. Uzee tu, maskini. Nikamviringisha kwenye bitana ya suti ya mteja, nikamzika nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya kuanikia. Nililia kidogo, sitadanganya.

Mchana Kamanda akaingia, begi chini.

"Mama, Pamba yuko wapi?"

Hapo mdomo wangu ukafanya kazi bila kuniuliza.

"Pamba kapata kazi! Kaenda na baba. Ni utingo sasa hivi."

Macho yakamtoka. Kwa Kamanda, utingo, yule msaidizi wa dereva, ni cheo kikubwa kuliko mwalimu mkuu. Hakulia hata chozi. Alitoka mbio kwenda kuwaringia watoto wa jirani.

Nikampigia mume wangu simu, nikampanga aseme vivyo hivyo. Nilijua atanigombeza. Weee! Kumbe nimemfungulia uwanja. Jioni hiyo hiyo akapiga, akataka kuongea na mtoto.

"Kamanda, Pamba leo kabadilisha tairi!"

"Peke yake?"

"Mimi nilishika tochi tu."

Jioni ya pili, Pamba kaongea na askari wa barabarani. Ya tatu, Pamba anakoroma hadi dereva halali.

"Baba Kamanda, punguza," nikamwambia.

"Mke wangu, mimi nakaa barabarani peke yangu wiki nzima. Niachie utingo wangu."

Ijumaa akili ikanirudi. Nikampigia tena. "Kesho unarudi. Huyo utingo tunamtoa wapi?"

Akajibu: "Niachie mimi."

Dada zangu, mwanaume akisema "niachie mimi", usimwachie.

Jumamosi akashuka kwenye lori na sungura mkononi. Wa kahawia.

Kamanda akamkagua. "Huyu si Pamba."

"Ni yeye, mwanangu. Hilo ni vumbi la barabarani."

Kamanda hakubisha. Alienda kuleta beseni na sabuni, akaviweka katikati ya sebule.

Akasugua. Akamwaga maji, akasugua tena. Sungura wa watu kalowa chapachapa, mume wangu anaangalia dari, mimi nimeng'ata tepu ya kupimia nisiangue kicheko.

"Baba, vumbi halitoki."

"La huko ni sugu sana."

"Na masikio? Mbona yamekuwa mafupi?"

Kamanda akasimama, povu hadi viwikoni.

"Baba, umemuua Pamba."

"Mimi?!"

"Alikuwa mzima hapa. Akapanda lori lako. Hajarudi."

Utamshika wapi hapo? Mume wangu akanitupia jicho, lile la "haya, sema". Na mimi, ninayebishana na wateja kutwa nzima, nikajifanya natunga uzi kwenye sindano.

Jumapili yote Kamanda hakumsemesha babake. Tukasema kanuna, hasira zitamwisha.

Jumatatu alfajiri, funguo za lori hazionekani. Tukapekua mifuko, tukainua magodoro, tukafungua hadi sufuria. Kugeuka, Kamanda kasimama mlangoni na nguo za kulalia, mikono nyuma.

"Lete funguo, mama," baba akambembeleza. "Nitachelewa, bosi atanifukuza."

"Sileti."

"Kamanda!" nikafoka.

Akaangua kilio. Si kile cha kudeka, nakijua.

"Pamba alipanda lori hakurudi! Na wewe ukipanda hutarudi!"

Jamani. Tulidhani ana hasira, kumbe mtoto anaogopa. Nilijisikia vibaya, nyie acheni tu.

Nikamshika mkono hadi nyuma ya nyumba, baba anafuata. Nikapiga magoti.

"Pamba hakwenda popote. Alikuwa mzee, akafa, nikamzika hapa. Mama alikudanganya. Nisamehe."

"Hajapanda lori?"

"Hajawahi."

"Hata tairi hakubadilisha?"

"Nilibadilisha mwenyewe," baba akasema, kichwa chini.

Kamanda akamlilia Pamba wake kwa mara ya kwanza. Nikalia naye. Nikasikia mtu anavuta kamasi juu yetu, kumbe ni dereva wangu, naye kafiwa na utingo.

Alipomaliza, Kamanda akajifuta pua kwenye shati la babake. Akakitazama kile kijikaburi, akamtazama babake.

"Kwa hiyo wewe utarudi?"

"Jumamosi."

Akafumbua kiganja. Funguo zilikuwa zimemwachia alama kwenye ngozi, alivyozibana.

Wazazi wenzangu, mnyama wa mtoto akifa, mwambieni kafa, mkae naye alie. Mimi nilitaka kumwepushia msiba wa sungura mmoja, nikamfanya siku mbili nzima amlilie kimoyomoyo babake aliye hai.