Mashavu ya Msumeno wa Olmotonyi

Siku yangu ya kwanza kazini niliimalizia shimoni. Wakati ule wa Wajerumani mbao zilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili. Gogo lililazwa juu ya shimo, mmoja akasimama juu yake, mwingine chini, wakavutana kutwa nzima. Mgeni ndiye aliyewekwa chini. Nilitoka kwetu Akheri nikiwa nimevaa nguo safi. Jioni nilikuwa na unga wa mbao hadi masikioni, na macho yamevimba. Aliyesimama juu yangu alikuwa Loishiye, Mwarusha mrefu wa maneno machache. Aliniinamia akasema, "Wewe Mmeru, kesho funga kitambaa kichwani. Na usitazame juu ninapovuta." Ndivyo urafiki wetu ulivyoanza.

Kiwanda kilikuwa juu ya Olmotonyi, ukingoni mwa msitu. Tulikuwa na wakubwa wawili. Bwana Meneja alishughulika na wanunuzi, na tulimwogopa. Fundi Mkuu, Mjerumani mzee aliyejifunza Kiswahili chake Tanga, tulimheshimu, maana grisi aliishika kwa mikono yake mwenyewe.

Baada ya miaka kadhaa ya shimo, ikaja mashine. Ilifika Moshi kwa gari la moshi, kisha maksai wakaikokota hadi kwetu, na matope ya njiani yakawatoa jasho. Ulikuwa msumeno wa utepe: ukanda mrefu wa chuma wenye meno upande mmoja, uliozungushwa kwenye magurudumu mawili makubwa, moja juu, jingine chini. Injini ya mvuke ndiyo iliyoyaendesha.

Utepe huo ukiachwa hivihivi huyumba, na ubao hutoka umepinda. Kwa hiyo huwekewa vishikizo, juu ya meza na chini yake. Kila kimoja kina vipande viwili vya mti mgumu, kulia na kushoto kwa utepe. Vipande hivyo sisi tuliviita mashavu. Nyuma yake kuna kigurudumu kidogo cha kuukinga mgongo wa utepe gogo linaposukumwa. Mashavu yetu tuliyachonga kwa mti wa loliondo, tukayaloweka kwenye mafuta.

Fundi Mkuu alinichagua nimsaidie kuifunga mashine. Nilipokimbilia kukaza mashavu, alinishika mkono.

"Kwanza rudisha vyote nyuma," alisema. "Utepe ukae vizuri kwenye magurudumu bila kusaidiwa. Ndipo ulete kigurudumu cha nyuma, kisha mashavu."

"Yaubane, Bwana?"

"Yasiubane. Yaukaribie tu, ipite karatasi. Na yasifike kwenye meno. Shavu likigusa meno, meno yamekwisha."

Alinifundisha hivyo, akifungua na kufunga, mpaka nikaweza kufanya kila hatua bila kuulizwa. Kabla hatujapasua nayo gogo hata moja, homa ikamwangusha. Aliniita kitandani akaniambia, "Mashine ni yako. Igeuze kwa mkono kabla ya kuiwashia mvuke. Sikiliza."

Wakati huo magari ya maksai yalikuwa yanangoja uwanjani, na Bwana Meneja alikuwa ameahidi mbao za paa kabla ya mvua. Asubuhi alikuja akanikuta nimeshafunga kila kitu. Loishiye alikuwa amesimama mbele ya meza, tayari kusukuma gogo la mwerezi.

Niligeuza gurudumu kwa mkono. Tik. Nikageuza tena. Tik. Utepe huunganishwa ncha kwa ncha kwa kuyeyushiwa shaba, na pale penye kiungo palikuwa pamenenepa kidogo. Kila kilipopita, kiungo kiligonga shavu la chini.

"Washa!" alisema Bwana Meneja.

"Bado, Bwana. Kiungo kinagonga."

"Ni kitu kidogo. Washa!"

Nilimtazama Loishiye. Kiungo kikigonga hivyo kwa mwendo wa mvuke, utepe hukatika na kumrukia aliye mbele. Yeye ndiye aliyekuwa mbele.

"Hapana, Bwana," nikasema.

Vijana wa leo huenda msijue neno hilo lilikuwa na uzito gani. Bwana Meneja alisogea karibu, uso mwekundu. "Nitakupeleka bomani upigwe kiboko."

Niliushika utepe pale penye kiungo. "Nipeleke baadaye, Bwana. Sasa niache nimalize."

Loishiye akatoka mezani, akakunja mikono kifuani. "Na mimi sisukumi gogo mpaka huyu aseme."

Bwana Meneja alitutazama mmoja mmoja, kisha akageuka akaenda kwa wenye maksai. Nilichukua tupa, nikakisugua kiungo mpaka kikawa sawa na utepe. Nikayarudisha mashavu nyuma, nikayapanga upya kwa karatasi, juu na chini. Nikageuza kwa mkono. Kimya. Nikashusha kishikizo cha juu hadi karibu na gogo, nikaifungulia mashine mvuke, kisha nikaenda kusimama bega kwa bega na Loishiye, tukasukuma pamoja.

Ubao wa kwanza ulitoka umenyooka kama uzi uliovutwa. Bwana Meneja alirudi, akaupitishia kiganja toka mwanzo hadi mwisho. "Leteni jingine," akasema. Habari ya kiboko haikutajwa tena.

Fundi Mkuu alipopata nguvu alikuja na fimbo yake, akasimama kando ya mashine akafumba macho, akisikiliza. "Nani aliyeifunga?"

"Mimi, Bwana."

Alitikisa kichwa taratibu kukubali. Tangu siku hiyo hakuniita tena "wewe". Aliniita Fundi, mbele ya watu, na wenzangu wakamfuata.

Vita vilipokuja Wajerumani wakaondoka, naye akaondoka nao, sikumwona tena. Baadaye nilifanya kazi chini ya Afisa Misitu Mwingereza, kisha chini ya Kalasinga mmoja mwenye karakana mjini, Levolosi, mtu wa kelele nyingi na roho safi. Kila ilipofika mashine mpya, nilitafutwa mimi. Niliacha kazi macho yaliposhindwa kuona upenyo wa karatasi. Niliaga mwenyewe, bila kusukumwa na mtu.

Sasa nalima kahawa, na jioni wajukuu huniuliza nilipata nini katika kazi ile yote. Huwaonyesha paa za mji, zile za zamani zilizonyooka mpaka leo. Kisha huwaambia jambo ninalojivunia zaidi. Nimewafundisha wapasua mbao wengi, na nimezika baadhi yao, akiwamo Loishiye. Kila mmoja wao aliingia kaburini na vidole vyake vyote.