Mguu wa Fundi

Redio ya fundi wa nguo hapa Karurumo huchomoa nyimbo kwenye flashi bila mpangilio, na mguu wake hufuata tu. Wimbo wa kanisa ukija, cherehani inatembea. Benga ikija, inakimbia. Leo umelia wimbo wa siku ya mahari yake, wasichana watano walipofunikwa leso ili bwana harusi amtambue mchumba wake, naye akamshika binamu ya fundi. Fundi amecheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Amejifunika kitambaa cha mteja, akamwita mumewe, muuza viazi wa mlango wa pili.

"Baba Ruguru, kuja uchague tena!"

Mzee ameinama, akachungulia miguu. "Ni huyu. Siku ile nilichagua viatu vyako. Ningejuaje mmebadilishana?"

Redio imerukia wimbo wa matanga, wa polepole kabisa. Cherehani inakimbia.