Kuku weusi nyuma ya makala

Kampuni ilipowahamisha watu kwa sababu ya shaba iliyokuwa chini ya nyumba zao, Mukalay alibeba kila kitu chake isipokuwa kuku. Walikuwa kumi na mmoja, pamoja na jogoo mmoja mwekundu. Wote walibaki kwa shemeji yake kule Tenke, maana katika nyumba mpya, zile za safu-safu zenye bati la buluu, komite ya kampuni ilibandika sheria ukutani: mbuzi hapana, nguruwe hapana, kuku hapana. Eti harufu. Watu wanaobomoa mlima mzima na kumwaga vumbi mpaka ndani ya sufuria za wenzao, ndio wanaogopa harufu ya kuku!

Huguette, mke wake, aliisoma sheria ile akacheka. Baada ya miezi mitatu alikuwa hacheki tena. Muzee Mukalay, aliyetengeneza mashine kule kwenye mgodi wa Mashamba miaka ishirini na nane, alianza kulala mpaka saa nne, kisha mpaka saa sita, kisha hakutoka kitandani kabisa. Daktari alisema ni mapafu. Lakini mapafu yale yalikuwa mabaya tangu zamani na hayakuwahi kumzuia kuamka. Huguette alijua kilichopungua. Miaka yote ya ndoa yao, mume wake aliamka na kuku, akawafungulia, akawahesabu kwa kidole mmoja-mmoja, ndipo akaomba chai.

"Amuka basi, muzee."

"Niamukie nani?"

Huguette alitembea na neno lile siku mbili. Ya tatu, akapata akili.

Alikuwa anauza makala, makaa ya kupikia, hapo hapo nyumbani, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuona magunia yakiongezeka nyuma ya jiko. Aliyapanga kama ukuta, sita huku, sita kule, katikati akaacha nafasi ya ukubwa wa meza. Juu akalaza mlango wa kabati la zamani, na juu ya mlango magunia mengine. Upande wa ukuta akaacha tundu la hewa. Chini, majivu kila asubuhi, harufu isitoke. Jogoo hapana, jogoo hajui siri. Kuku wawili tu, na wawe weusi, ili mmoja akichungulia nje mtu aseme ni kipande cha makala.

Sokoni, Iddy muuza kuku alimwinulia kuku mweupe. "Huyu anataga muzuri, mama."

"Mi nataka mweusi."

"Na huyu wa madoa?"

"Tata Iddy, makala imekuingia mu macho? Nimesema mweusi. Mbili. Mweusi tii."

Iddy akaangalia kushoto na kulia, akashusha sauti. "Mama, kama uko na adui, mi sitaki jina yangu itajwe kwa nganga."

"Adui yangu ni ulimi yako. Funga kuku."

Basi alifikiria kila kitu, Huguette, isipokuwa kile ambacho kila mtoto wa kijijini anakijua: kuku akitaga, lazima atangaze. Siku yai la kwanza lilipoanguka, kuku alipiga kelele mpaka mama wa watu akaruka. Akadaka mchi, akaanza kutwanga kinu kitupu kama mtu wa sombe, majani ya muhogo, tu! tu! tu! mpaka kuku aliponyamaza. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake. Kuku akitangaza, Huguette anatwanga.

"Mama Huguette!" aliita Sikudhani, jirani yake, kutoka ng'ambo ya ukuta. "Ni sombe gani hiyo ya kila siku? Muko bangapi mu nyumba?"

"Muzee anapenda sombe laini."

"Mbona siisikii harufu yake?"

"Pua yako imezeeka, mama."

Lile yai la kwanza alilipeleka chumbani likiwa bado na joto, akaliweka katika kiganja cha Mukalay. Mzee alilishika mpaka likapoa. Kesho yake akauliza, "Aliyetaga leo ni yule wa sauti nzito ao ni mwingine?" Akakaa kitandani. Wiki ya tatu alifika mlangoni, akaketi kwenye kibao, uso umeelekea magunia, akala nusu ya yai.

"Na jogoo iko wapi?"

"Jogoo atatuuza, muzee."

"Basi utamuleta siku moja."

"Nitamuleta," alisema Huguette, akijua anadanganya.

Mvua zilipoanza, kifua kikakaza. Mukalay alikufa siku ya Jumanne, saa tisa ya mchana, bati likipigwa na mvua.

Watu wakajaa uani, lupango nzima. Tata Mwenze, mkubwa wa komite, alikuja na tai yake shingoni, akavuta kiti, akaketi akiwa ameyapa magunia mgongo. Huguette alikuwa hajalia bado. Atalia saa ngapi, naye macho yote yako kwenye makala? Mara kuku akaanza. Penye kilio hakuna anayetwanga, na kinu kilikuwa kimelazwa kando ya ukuta. Tata Mwenze akageuza kichwa.

Sikudhani akasimama, mikono kichwani. "Yoo! Mukalay! Umetuachia nani, yoo!"

Wanawake wote wakamfuata. Kuku akapandisha sauti, nao wakapandisha. Tata Mwenze akavua miwani, akapangusa macho. "Kweli huyu muzee alipendwa."

Sikudhani akamwangukia Huguette begani, akamnong'oneza sikioni: "Lia basi, we mama! Mi siwezi kulia peke yangu juu ya kuku yako."

Huguette akafungua mdomo ili amsaidie. Kilichotoka hakikuwa cha kuku. Kuku alinyamaza, wanawake wakanyamaza, yeye akashindwa kunyamaza.

Kilio kilipokwisha alipanda basi mpaka Tenke, akarudi jioni na yule jogoo mwekundu kwapani, bila kumfunika hata na kitambaa.

"Watu wa komite watakubebea wote watatu," alisema Sikudhani.

"Babebe. Nilimuahidi."

Alfajiri jogoo aliwika, safu nzima ikasikia. Huguette alilala akisikiliza, akingoja upande wa pili wa kitanda usogee. Jogoo akawika mara ya pili. Ndipo akaamka mwenyewe, akaondoa magunia, akawafungulia. Kwenye changarawe ya barabara viatu vya Tata Mwenze vilikuwa tayari vinakuja. Hakuharakisha. Aliwahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuomba chai, akabaki amesimama.