Mgeni kaacha emoji ya kulia kwenye log yetu ya Kariakoo, Ami yangu akataka kufunga duka

Wakuu, salaam kwenu nyote. Wa bara, wa visiwani, na nyie mlioko ofisini mnasoma huku mkimchungulia bosi.

Hiki ninachosimulia kimetokea nyumbani kwetu, na Ami mwenyewe kanipa ruhusa ya kuandika. Najua kuna watakaosema ni chai. Sawa, vuteni vikombe, hii ina tangawizi.

Kwa wasioujua, geocaching ni mchezo wa kutafuta vikopo. Mtu anaficha kikopo mahali, anaweka location kwenye app, wengine wanakuja na simu zao kukitafuta.

Ukikipata unasaini kikaratasi kilichomo ndani, unakirudisha palepale, halafu unaingia kwenye app unaandika log, yaani maelezo ya ulivyokipata na yaliyokukuta. Hakuna zawadi. Hata mama yangu aliniuliza, "Sasa huwa mnapata nini?" Hatupati kitu, mama, tunafurahi tu.

Mimi ni clearing agent, nashinda bandarini nikifukuzana na makaratasi ya makontena ya watu. Mchezo huu ndio unaonipumzisha kichwa.

Sasa, sheria ya mchezo ni utafute kimyakimya, watu wasijue. Sheria hiyo aliyeitunga hajawahi kufika Kariakoo.

Kopo langu la kwanza nililificha nyuma ya kibanda kimoja, mtaa wa pili kutoka sokoni. Mzungu wa watu kaja kupapasapapasa pale, wamachinga wakamzunguka. Mmoja anamuuliza kapoteza nini, mwingine anamuuzia soksi, wa tatu keshamuita mgambo.

Aliponusurika aliandika log ndefu, na soksi alinunua. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Baada ya hapo nikaona nilihamishie ndani, dukani kwa Ami.

Ami ni mdogo wake baba yangu. Ana duka la makufuli, vitasa, bawaba na misumari, alilorithi kwa babu. Presha ya macho imemla taratibu, kwanza pembeni, halafu katikati, sasa hivi haoni kabisa. Lakini duka hakuacha. Anakaa nyuma ya kaunta, kijana wake wa dukani anapokea wateja, yeye anapokea stori.

Nilipomwomba niweke kikopo kwenye droo yake ya chini alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Weka. Ila anayekuja asalimie kwanza. Sitaki mtu anipitie kama mlango wa choo."

Basi nikaandika kwenye app: ukifika, salimia, mwenye duka atakuonyesha.

Wakuu, Ami alinogewa kuliko mimi. Mgeni akiingia tu anavutiwa kigoda, anaitiwa muuza kahawa, anaulizwa anatoka wapi, wazee hawajambo, watoto wangapi, kama hana kwa nini hana. Kufika kwenye droo ni baadaye sana.

Na mimi kila jioni nikitoka bandarini napita kumsomea log. Za Kiingereza namgeuzia palepale.

Pale ndipo nilipoelewa kitu. Ami alikuwa anaona duka lake kupitia yale maneno. Mtu akiandika kwamba jua la alasiri linaingia mlangoni na kuangukia makufuli ya shaba yaliyoning'inia, Ami anageuza uso kuelekea mlangoni. Ananiambia, "Bado yanang'aa, ee?" Namwambia yanang'aa Ami.

Sasa njooni kwenye kero yangu.

Siku hizi watu hawaandiki. Mtu katoka Mbezi huko, kapambana na foleni, kanywa kahawa ya mzee, kapigwa maswali ya ukoo mzima, halafu log yake ni hii: 👍😀

"Soma," Ami ananiambia.

"Kaweka dole gumba, Ami."

"Halafu?"

"Na kijiuso kinacheka."

"Kinacheka nini?"

"Hajasema."

"Kahawa yangu yote ile, kaenda kuwaambia watu dole?"

Nilichukia, sifichi. Kwenye group letu la WhatsApp la wacheza mchezo huu nikawasha moto. Nikasema kuanzia leo anayeacha vijiuso vitupu nafuta log yake. Jamaa mmoja akanijibu kwamba emoji inaeleweka dunia nzima, haina haja ya mkalimani. Nikamwambia aje amsomee Ami yeye mwenyewe. Akanijibu kwa emoji.

Basi siku moja nimefika dukani kama kawaida. Shikamoo Ami, marahaba mwanangu, soma. Nikafungua app, nikakuta log moja mpya, ya mtu anayejiita Korosho. Hakuna hata herufi. Ni hiki tu: 😭

"Huyu naye kaweka uso unalia," nikasema, nikataka kuzima simu.

"Unalia?"

"Machozi yanamtiririka. Ndivyo wanavyoweka, Ami, usijali."

Ami akauliza ni ya lini, nikamwambia jana. Akahesabu wageni wake wa jana, na kwa bahati mgeni wa kopo alikuwa mmoja tu.

"Yule binti wa kusini," akasema. "Kaniambia kwao Mtwara, anaongoza watalii. Kazungumza na mimi vizuri kabisa. Sasa kalia saa ngapi?"

Nikajaribu kucheka. Nikamwambia ni kijiuso tu.

"Si kijiuso. Umeniambia ni uso, na unalia. Mgeni kakaa kwenye kigoda changu, karibu hivi, analia, na mimi niko hapa namwelezea habari za makufuli?"

Mnaotoka nyumba zetu mnaelewa. Kwetu mgeni akitoka kwako ana huzuni, hiyo aibu ni yako. Unamfuata ujue kimempata nini. Ami alianza kuwaza makubwa. Labda wapagazi walimsukuma pale mlangoni. Labda kaibiwa simu mlemle ndani. Labda kuna mtu kamshika vibaya, na mwenye duka amekaa anatabasamu.

Kijana wa dukani akaulizwa. Akasema yeye muda huo alikuwa nje anapakia bawaba kwenye mkokoteni, hakuona.

Kesho yake Ami hakuja dukani.

Nikamfuata nyumbani kwake, ghorofa ya pili mtaa uleule. Nikamkuta kwenye kochi, kanzu safi, redio imezimwa. Hemed alikuwepo. Huyo ni mwanawe mkubwa, mtu mwema kabisa, ila tangu macho ya baba yake yazime anamwomba apumzike, duka ligeuzwe la kava na chaja za simu. Ami alikuwa anamjibu "tutaona" miaka yote.

Safari hii alikuwa amempa funguo.

"Nilikuwa najidanganya," akaniambia. "Nilisema masikio yanatosha. Mtu analia mbele yangu sijui. Duka gani hilo? Acha vijana wakae."

Nilishuka ngazi nimevurugwa. Watu wangapi walimwambia aache, hakuacha. Kaja kuangushwa na kijiduara cha njano.

Nikamtumia Korosho meseji kwenye app. Kwanza nilitaka kumwandikia kwa ukali, nikafuta. Nikamwandikia hivi: Dada, mimi ni dada mwenzako, mwenye kopo la Kariakoo. Uliacha uso unaolia. Mzee wa dukani haoni, nilimsomea, na hana amani. Anaamini kuna baya lilikupata kwake. Tafadhali niambie kwa maneno, hata kama ni baya.

Kimya.

Nikauliza kwenye group kama kuna anayemjua. Wakaniwekea macho mawili 👀 na mwingine mikono ya kuomba. Siku hiyo ningekuwa na uwezo ningefuta emoji zote duniani.

Siku zikaenda. Fundi akaja kupima shelfu mpya, mbao zikaletwa zikaegeshwa ukutani. Makufuli ya shaba yakashushwa, yakawekwa kwenye maboksi. Mimi nilikuwa napita pale mlangoni kichwa chini, sitaki kuona.

Jibu lilikuja nikiwa geti la bandari, nasubiri kontena la mteja litoke. Lilikuwa refu. Ninaliweka hapa kama alivyoniruhusu.

"Dada, nisamehe, nilikuwa kijijini hakuna mtandao. Hakuna aliyenifanyia ubaya pale dukani, mwambie mzee atulie.

"Mama yangu amefariki mwezi huu. Nilikuja Dar kufuata mambo yake. Nilikuwa na nafasi kidogo nikasema nitafute kopo, nipumue. Nikaingia, nikasalimia. Mzee akaniuliza, mama hajambo? Dada, unajua tulivyolelewa. Mtu akikuuliza hajambo, unasema hajambo, ya moyoni yanafuata baadaye. Nikasema hajambo. Na nikishasema hivyo siwezi tena kurudi nyuma.

"Mzee akasema, basi ukifika msalimie sana. Mwambie mzee wa makufuli wa Kariakoo anamsalimu, na siku akija mjini apite anywe kahawa. Nikamwambia zimefika.

"Hapo machozi yakaanza. Tangu msiba kila anayeniona ananipa pole, mpaka neno lenyewe limeniishia ladha. Yeye peke yake alinipa salamu za kumpelekea mama. Dakika zile mama yangu alikuwa mzima, anasubiri kahawa Kariakoo.

"Na nilijua haoni. Mbele ya mtu mwingine ningejikaza, kama ninavyojikaza kila siku, maana mimi ndiye mkubwa na wadogo zangu wananiangalia. Pale nililia nilivyotaka. Yeye anaendelea na habari za kufuli la babu yake, mimi naitikia 'ee', nalia. Nilitoka mwepesi.

"Usiku nikataka kuandika haya kwenye log. Nikaandika, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Nikaweka ule uso, nikalala."

Wakuu, nililia geti la bandari katikati ya malori. Dereva mmoja akaniuliza, "Sista, wamekupiga tozo ya storage?" Nikamwambia hapana, ni ya nyumbani.

Kontena nilimwachia mwenzangu, nikapanda bodaboda moja kwa moja mpaka kwa Ami.

Nilimsomea yote. Nilipofika kwenye "mama yangu amefariki" akasema innalillahi, akainamisha kichwa. Nilipomaliza akaniomba nirudie pale pa salamu.

Nikarudia.

"Nimemtumia marehemu salamu," akasema.

"Ndiyo, Ami."

"Na yule mtoto akazipokea."

"Akazipokea."

Hemed alikuwa amesimama mlangoni kwa jikoni, sijui tangu saa ngapi. Ami akanyoosha mkono upande aliokuwepo, kiganja juu. Hemed akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akaziweka pale.

Kisha Ami akanigeukia mimi.

"Mjibu. Mpe pole yangu, najua kaichoka, lakini mpe. Mwambie kesho nafungua." Akaongeza, "Na mwambie akija tena mjini, siku yoyote akizidiwa, apite. Kigoda kipo. Alie, mimi sioni kitu."

Nikaandika hivyohivyo, neno kwa neno. Korosho hakujibu kwa maneno. Aliweka uso uleule, na safari hii nilimsomea Ami bila kulalamika, naye hakuuliza unalia nini.

Nilichojifunza mimi, wakuu, ni kwamba ukiweza kuandika, andika. Kuna mtu mahali anasomewa, na sentensi yako moja ndiyo dirisha lake. Wavivu wa dole gumba bado nina ugomvi na nyinyi, msidhani nimelainika.

Lakini mwingine anaweka kijiuso kwa sababu maneno yamemshinda. Huyo usimfute. Mwulize.

Makufuli yamerudishwa mlangoni, mbao za shelfu Hemed mwenyewe kazigeuza benchi la wageni. Nyie je? Kuna mtu alishawahi kukutumia kijiuso tu, ukakipita, baadaye ukajua kilikuwa kimebeba nini? Andikeni hapo chini. Jioni nitamsomea Ami comment zote, kwa hiyo tafadhali, salimieni kwanza.