Kura ya Walioshiba

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na Mtwara ilizijaribu mapema. Nilihamishwa kutoka Iringa kwenda kufundisha hisabati katika sekondari moja ya Ziwani, na kabla sijazoea joto nikabebeshwa kazi iliyokimbiwa na wote: kupanga ratiba ya vipindi. Walimu tulikuwa wachache na mikondo mingi. Nilipanga kwa penseli, nikafuta, nikapanga tena mpaka karatasi ikatoboka, na bado mwalimu wa fizikia alikuwa anatakiwa madarasa mawili kwa wakati mmoja.

Aliyeniokoa ni mtumishi mmoja wa bandarini, Mmakonde wa makamo aliyekaa mtaa wa Ufukoni. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa kumwonea huruma mkewe alikuwa ameandika programu ya kompyuta inayopanga ratiba yenyewe. Hakuiuza. Aliitoa iwe huria: yeyote aichukue, aifungue ndani, aibadilishe na ampe mwenzake. Mimi nilimwita kaka, mkewe nikamwita wifi. Kaka alinifundisha kuandika programu kwenye kompyuta yake, mbele ya feni inayopiga kelele, bila kunicheka hata siku moja.

Miaka michache baadaye, kwenye elfu mbili na kitu, tulikuwa kikundi: walimu wa Mtwara, Masasi na Lindi, tunaandikiana barua pepe kutoka vibanda vya intaneti, kila mtu kwa hiari na kwa nauli yake. Shule zetu zilitegemea programu ile. Tatizo ni kwamba mahali ilipohifadhiwa kwenye mtandao palikuwa na neno la siri, na neno hilo alilijua kaka peke yake. Kila tulichorekebisha kilimsubiri yeye akikague na kukiingiza. Msimu wa korosho meli zikiingia, kaka alikuwa haonekani, na meli za korosho na ratiba za Januari huja pamoja. Januari moja shule tatu zilifunguliwa na ratiba mbovu ilhali marekebisho yalikuwa tayari, yanamsubiri.

Hapo mwalimu wa Lindi, mwandishi wetu hodari kuliko wote, akachoka. Aliandika kwamba tuchague kamati ya watu watatu, kila mmoja awe na neno la siri, na badiliko lolote likaguliwe na mtu asiyeliandika. Isipokuwa hivyo kabla ya shule kufunguliwa tena, yeye na wenzake wangechukua nakala waende zao. Ruhusa alikuwa nayo, ileile tuliyokuwa tunajivunia. Nikaogopa kweli. Wangekwenda wao, zingebaki programu mbili, zote dhaifu, na kaka angeiona kazi yake ikifa angali hai.

Tulibishana kwa barua wiki kadhaa. Kuna aliyetaka kaka aendelee kuwa mlezi wa peke yake, kuna aliyetaka kila anayeandika apewe neno la siri, jambo lililonitisha zaidi kwa kuwa nawajua walimu wenzangu. Nilimuuliza kila mtu pembeni isipokuwa kaka, na mwishowe wote wakaafiki kamati. Ilibaki kukutana na kupiga kura. Kaka akasema tukutane kwake, na hakuna aliyeona ubaya, maana ndiye mkubwa wetu.

Wifi alitupokea kwa ming'oko ya moto, ile mizizi ya porini ya huku kusini, kisha likaja pilau. Tulikaa mkekani sebuleni, tukala, tukaongezwa, tukala tena. Sinia zilipoondolewa kaka alijifuta mikono akasema haya, semeni. Mmoja akasifu pilau. Mwingine, ambaye wiki ile alikuwa ameandika kurasa nzima kuhusu udikteta, akasema kaka ndiye aliyeanzisha, basi aendelee. Ikaulizwa nani anakubali. Mikono ikaanza kupanda, mmojammoja, na wa mwalimu wa Lindi ukapanda, na wangu nao ukapanda ukinuka bizari. Kaka alitushukuru, akatupa mkono mmojammoja.

Mwalimu wa Lindi aliondoka na kifurushi cha pilau alichofungiwa na wifi. Kesho yake akatuma barua ya heshima tupu ya kutuaga. Nilimpigia simu damu ikinichemka, nikamuuliza ule mkono uliinuka wa nini.

"Dada," alisema, "ningempingaje mtu ndani ya nyumba yake, na wali wake uko tumboni?"

Hata Iringa mwenyeji hapingwi. Tungekutana kwangu, kaka angekuwa mgeni, na mgeni naye hapingwi. Kwa adabu zetu tulikuwa tumempa mtu cheo ambacho hakuna aliyetaka awe nacho, na yeye hakujua. Nilimsihi mwalimu wa Lindi anisubiri kidogo, akakubali kwa shingo upande.

Nilimfuata kaka bandarini saa ya chakula. Tulisimama kando ya geti, malori ya korosho yakipita, ikabidi nipaze sauti kumwambia jambo la kunong'onwa. Nilimwambia ile kura si kura.

"Mikono wameinua wenyewe, mwalimu. Nimemlazimisha nani?"

"Hujamlazimisha mtu, kaka. Umewalisha."

Aligeuzia macho malori. Nilidhani ananifukuza, na nilijua nikifukuzwa pale nimefukuzwa na Ufukoni kwa wifi pia. Kisha akauliza, taratibu, "Hata wewe?" Nikasema hata mimi. Akageuka akarudi kazini bila kuaga. Jioni simu yangu ikapata ujumbe wake: mkutano mwingine, darasani kwangu Ziwani, mtu asilete chakula.

Alikuja na pikipiki. Wifi alikuwa amempa chupa kubwa ya chai, akaiacha imefungwa kwenye kiti cha pikipiki, juani. Tulikaa kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yakigonga mbao. Kaka hakukaa. Aliuliza nani anataka aendelee peke yake. Akasubiri. Niliiweka mikono yangu chini ya dawati na kuibana kwa mapaja, maana kwa huruma ingeweza kuinuka yenyewe. Hakuna mkono uliopanda.

"Haya," alisema. "Sasa nnaona."

Tukapiga kura za siri kuchagua kamati, vikaratasi ndani ya boksi la chaki. Mimi nilikuwa na hakika kaka atakuwa mmoja wa wale watatu. Ndivyo nilivyojituliza muda wote. Akapita mwalimu wa Lindi, akapita wa Masasi, nikapita mimi. Kaka alibaki nje ya kamati. Aliyahesabu tena majina, akashika chaki, akaandika neno la siri ubaoni. Sisi watatu tulipomaliza kulinakili alilifuta kwa kiganja, akatoka. Tulisikia pikipiki ikiondoka na chai yake. Niliumia, nikawakasirikia wote pamoja na mimi mwenyewe, ingawa tulikuwa tumefanya nilichokihangaikia.

Hakuandika neno kwa miezi. Wifi nilikutana naye sokoni, akanisalimu vizuri mno, salamu za kumpa mtu baki. Kisha siku moja kwenye kibanda cha intaneti nikakuta badiliko limeletwa likaguliwe, na mwandishi wake ni kaka. Nilifurahi mpaka nilipolisoma. Lilikuwa na kosa: shule zenye zamu ya mchana zingepangiwa vipindi vya asubuhi.

Mwalimu wa Lindi, aliyekuwa tayari kutuvunja kwa ajili ya kanuni hizi, akashauri tulipokee, kisha tulirekebishe kimyakimya asijue. Nilimjibu kwa ukali kwamba hilo ni pilau jingine. Nikaandika jibu, nikalifuta, nikaliandika tena. Mwishowe nikaliacha fupi: kaka, limerudi, zamu ya mchana haijazingatiwa. Nikalituma, nikalipia kompyuta, nikatoka.

Siku zikapita, nikaanza kuzoea wazo kwamba basi. Halafu likaja badiliko jipya. Zamu ya mchana ilikuwa imekaa sawasawa. Chini yake alikuwa ameandika kwamba anashukuru, hakuwa ameliona, na baada ya hapo mstari mmoja tu:

"Jumapili njoo ule. Hakuna mkutano."