Mzee wangu alikuwa anakula peke yake Toronto, na mimi nikadhani ndiyo heshima

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Leo naleta jambo la ndani ya nyumba yangu. Mtakaosema ni chai ruksa, ila ningekuwa natunga ningejipa nafasi nzuri kuliko hii niliyonayo humu. Someni kwanza mpaka chini, nyundo mtanishushia baadaye.

Niko Toronto mwaka wa kumi na moja huu. Tunakaa Crescent Town, maghorofa marefu yaliyojaa watu wa kila nchi. Ni mimi, shemeji yenu Neema na watoto wawili, Imani ana miaka kumi na Eliya ana sita. Mimi mbeba boksi kamili, kiwanda cha mikate huko Scarborough. Shemeji yenu anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Yaani anaamka alfajiri kwenda kulisha baba za watu.

Mama yangu alifariki, mzee akabaki peke yake Tabora. Tumezaliwa wawili tu, dada yangu kaolewa Mbeya. Nikahangaika na viza mpaka ikatoka, mzee akaja mwezi wa kumi na moja.

Mpango ulikuwa akae miezi sita, akizoea tumwongezee, na Mungu akijalia abaki moja kwa moja. Hicho ndicho kitu nilichokitaka kuliko vyote wakuu. Sikutaka mzee wangu azeeke peke yake.

Sasa naomba mwelewe tulivyolelewa. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawali pamoja. Mzee anatengewa chake, ananawishwa, anakaribishwa, mnampisha. Neema ni wa Kahama, kalelewa vilevile. Kwa hiyo mzee alipotua utaratibu ukaanza siku hiyohiyo bila mtu kuujadili.

Saa kumi na mbili jioni chakula chake kinatangulia. Meza ya sebuleni, sinia, ugali ndani ya hotpoti, mboga mbili, glasi ya maji. Imani anamnawisha kwa birika na beseni tulizonunua makusudi kwa kazi hiyo.

"Karibu Babu," anasema. Kati ya Kiswahili chake chote hilo ndilo analolitamka vizuri.

Halafu sisi wanne tunajibana jikoni kwenye kimeza cha kukunja, tunakula na kupiga stori. Watoto wanaongea Kiingereza, wanasimulia ya shule, tunacheka. Mzee yuko sebuleni, ukuta mmoja katikati.

Mchana ndiyo usiseme. Watoto shule, sisi kazini. Neema anamwachia chakula jikoni, mzee anapasha mwenyewe kwenye microwave, anakula mwenyewe, anaosha sahani mwenyewe.

Na mimi nilikuwa najisifu. Nilimpigia dada nikamwambia mzee anatengewa kama yuko nyumbani, sisi siyo wale wanaofika ulaya wakasahau walikotoka. Dada akanibariki kweli kweli.

Wiki ya tatu hivi Imani akaniuliza nikiwa navua viatu mlangoni, "Dad, is Babu in trouble?"

Nikamuuliza kwa nini. Akasema shuleni kwao anayekalishwa meza ya peke yake ni yule aliyefanya kosa. Nilicheka mpaka nikaenda kumsimulia mama yake. Nikamweleza mtoto kwamba hiyo ni heshima, babu ni mtu mkubwa. Akasema okay, lakini alivyonitazama niliona hajashawishika.

Wakuu, yule mtoto alikuwa ameshaliona jambo zima. Mimi nilikuwa bize kumfundisha mila.

Mwezi wa kwanza mzee akaanza kupungua. Suruali alizokuja nazo zikawa zinashikiliwa na mkanda tu. Sinia la jioni linarudi jikoni limeguswa pembeni kidogo. Ukimuuliza anasema, "Chakula kizuri sana, mama Imani. Nimeshiba."

Shemeji yenu akaumia. Akadhani mkono wake haumfai mzee. Akabadilisha mapishi, akatafuta mlenda wa kukausha, akaniagiza mpaka Agincourt kufuata sato wa barafu. Nikampeleka mzee kliniki, wakampima kila kitu, wakasema haumwi. Presha yake nzuri kuliko yangu.

Ila cha mchana kilikuwa kinaisha. Hilo tulilijua, na likamuumiza Neema zaidi, maana ni kiporo kilekile cha jana yake alichokikataa.

Kinachofuata ni siku mzee aliyoniita. Jumapili moja baada ya kanisa, kavaa koti la suti, akasema, "Maganga, kaa hapo." Nikakaa.

"Nirudishe nyumbani."

Nikamuuliza nani kamkosea. Akasema hakuna. Nikamuuliza anakosa nini. Akasema hakosi kitu, mmenitunza vizuri, Mungu awazidishie, nirudishe tu.

Nitasema ukweli, nilikasirika. Watoto walikuwa wamehamia kulala chumba kimoja kwa ajili yake. Neema alikuwa halali kwa mawazo. Nikajisemea moyoni huyu mzee hana shukrani, na nikakaa wiki nzima nampa shikamoo ya haraka mlangoni na kupita. Tiketi nikaenda kuibadilisha kwa hasira, iwe mwishoni mwa mwezi wa tatu badala ya wa tano.

Siku kama kumi baadaye mashine za kazini ziligoma, tukaruhusiwa saa tano. Saa sita na nusu niko mlangoni kwangu. Naita, "Baba." Kimya.

Chumbani hayupo. Bafuni hayupo. Jaketi lake kubwa linaning'inia pale pale, viatu havipo. Nje ni barafu tupu. Mzee hajui Kiingereza zaidi ya "good morning", na simu yake ilikuwa kitandani.

Nilikimbilia lifti nikashuka. Chini kuna mama mmoja wa security, nikamuuliza kama ameona mzee wa Kiafrika, mrefu, amevaa sweta. Hata hakuinua kichwa kutoka kwenye simu yake. Akasema yuko laundry, kama kawaida.

Kama kawaida.

Nikamuuliza kawaida ipi. Akasema kila siku, yeye na rafiki yake, saa sita na kitu wanakuja na vyakula vyao. Akaniuliza, wewe ndiye mtoto wake?

Laundry ya jengo letu ni chumba cha kufulia nguo, kiko chini kabisa, kuna joto na kelele za mashine. Ndani kuna meza ndefu ya kukunjia nguo. Mzee wangu alikuwa amekaa upande mmoja, na upande wa pili mzee mwingine wa Kibangladeshi, ndevu nyeupe, kofia ya sufu. Katikati yao hotpoti yetu iko wazi, na bakuli la wali na samaki wa bizari. Wanakula kwa mikono, kila mtu anachota kwenye chombo cha mwenzake.

Na wanaongea. Mzee wangu anamsimulia kwa Kiswahili habari za reli, maana amestaafia huko, alikuwa fundi. Yule anatikisa kichwa, anajibu kwa Kibangla, maelezo marefu tu, na mzee wangu anasema, "Ehee." Hakuna anayemwelewa mwenzake hata neno moja. Mashavu ya baba yangu yalikuwa yamejaa chakula. Sikuwa nimemwona anakula hivyo tangu Tabora.

Akaniona. Hakushtuka. Akaniambia kama unavyomwambia mtu yeyote anayepita mbele ya nyumba yako mezani pakiwa pameandaliwa:

"Karibu chakula."

Mnajua nilijibu nini? Nilijibu lile jibu letu la njiani.

"Asante Baba, nashukuru, endeleeni."

Nikageuka nikapanda juu. Baba yangu mzazi ananikaribisha chakula chumba cha kufulia nguo, mimi namjibu kama mpita njia. Kwenye lifti nililia wakuu. Alikuwemo dada mmoja na kapu lake la nguo, akajifanya anasoma tangazo.

Jioni nikamuuliza mbona hakusema. Akanitazama kwa mshangao.

"Niseme nini? Kwamba nimekula na mtu?"

Halafu akasema, "Mimi toka nimezaliwa sijawahi kula peke yangu. Hata mama yako alipoondoka, sinia likitoka barazani anayepita anaitwa. Hapa mmenitolea sinia vizuri kabisa, mwanangu. Tatizo hakuna anayepita."

Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Nilibeba nusu ya mila nikaja nayo, nusu nikaiacha Tabora. Kule mzee anatengewa, kweli, lakini anatengewa ili ale na wanaume wenzake, majirani, wanawe wakubwa, na wageni. Mtoto wa kiume wa kula naye ni mimi. Nami nilikuwa jikoni nikijaza tumbo kwa raha zangu nyuma ya ukuta, naiita heshima.

Kesho yake nikabeba sahani yangu na ya Eliya, nikaenda kukaa sebuleni kwenye sinia lake. Mzee akanitazama.

"Umefukuzwa kazi?"

Nikamwambia hapana Baba, nina njaa. Imani naye akajileta bila kuitwa. Neema hakuja mezani, mkwe ni mkwe, ila alileta kiti chake mpaka mlango wa jikoni, kaupa mgongo ukumbi, anakula huku anachangia stori kwa pembeni. Watu wanne tunatafuna meza moja.

Kuelekea mwisho mzee akaanza kugawa nyama. Mnaijua ile, mkubwa wa sinia anagawa nyama zikiwa zimebaki chache. Kwa Eliya, kwa Imani, halafu akasukuma kipande kikubwa upande wangu bila kunitazama, anaendelea kumsikiliza Eliya. Nina miaka arobaini na tatu. Kile kipande nilikila taratibu.

Basi mnadhani alibaki.

Nilimwomba. Nikamwambia tiketi nairudisha mwezi wa tano, sasa tunakula wote. Akasema nimefanya vizuri, ila hesabu bado ni ileile. "Nyinyi mna kazi. Jioni mnanipa saa moja, mchana kutwa nakaa na mashine za kufulia. Nyumbani liko kaburi la mama yako, na wako watu." Hakusema kwa ubaya. Alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, na kweli siku ya pili yake nilikuwa na overtime na nisingeweza kuikataa.

Nilikula na baba yangu wiki tano. Mwisho wa mwezi wa tatu akaondoka.

Nyumba ilikuwa kubwa ghafla. Watoto walirudi kulala mbalimbali. Eliya alikuwa bado anabeba sahani kupeleka sebuleni, tunamwacha.

Siku ya tisa mzee akapiga kutoka Tabora. Nyuma nasikia watu wengi wanaongea na vyombo vinagongana. Baada ya salamu akauliza, "Yule mwenzangu umempa taarifa kwamba nimefika salama?"

Wakuu, tuliaga watu wa kanisani, tukaaga na mama wa security, na yule mzee hakuna aliyemkumbuka. Wala jina lake hatukulijua. Mzee mwenyewe kama alimuaga, alimuaga kwa Kiswahili.

Jumamosi nikashuka laundry saa sita na nusu. Nilimkuta. Kakaa upande wake uleule, bakuli limefunikwa, na kwenye meza kaweka sahani mbili. Siku tisa, au kumi, sijui. Sikuthubutu kumuuliza kama alikuwa anaziweka mbili kila siku.

Akainuka akatazama nyuma yangu, mlangoni.

Nikatafuta Kiingereza chepesi. Nikasema, my father, home, Africa. Akasema, "He eat good there?"

Nikamwambia ndiyo, anakula vizuri.

"Good," akasema, akaketi. Akafunua bakuli. Nilitaka kusema asante, endelea. Lilikuwa tayari mdomoni, mazoea yana taabu. Nikanawa kwenye sinki la kulowekea nguo, nikakaa mahali pa baba yangu nikala naye mpaka bakuli likaisha.

Siku hizi naenda Jumamosi. Siku nyingine zile sijui anakula na nani, na swali hilo linanisumbua nikiwa kazini.

Funzo nililolipata nalisema wazi: mila ukiihamisha, hamisha na watu wake. Ukikosa watu, acha mila ukae na mzazi wako. Nilimpa mzee chumba, televisheni, mlenda na sato, akaniomba aondoke, kwa sababu alichokihitaji kilikuwa mtu wa kumwambia karibu chakula akakubali.

Mlioleta wazazi ughaibuni, na nyinyi mlioko Dar mnaowatengea vyumba vya uani, karibuni mseme bila kunionea haya.

Leo mchana mzee wako amekula na nani?